Rauta ya baba mdogo: mbao ni mbao, plastiki ni plastiki

Kabla hatujafika mbali, ndugu msomaji, tuelewane kwanza kuhusu neno moja. Nikisema rauta, usifikirie kile kiboksi chenye taa za kuwakawaka kinachokuletea intaneti sebuleni. Hicho nacho kinaitwa rauta, sikatai. Lakini kuna rauta nyingine ambayo mafundi seremala wanaijua: mota yenye mikono miwili, chini yake imeshika kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi ya kutisha. Unaipitisha kwenye ukingo wa ubao, na ukingo unatoka umeviringwa, au una mfereji, au una urembo ule unaouona kwenye milango ya watu wenye uwezo wao. Leo nazungumzia hiyo. Na nazungumzia kwa sababu wiki kama tatu zilizopita ilikaribia kumharibia baba yangu mdogo mguu.

Subiri, usishtuke. Mguu wenyewe ni wa plastiki.

Habari hii niliipeleka kwanza kazini. Mhariri akaisoma, akavua miwani, akaniuliza: "Tukio liko wapi hapa? Kuna waziri?" Hakuna waziri. Kuna seremala mmoja wa Kibosho, kuna dada mmoja mwenye koti la kazi lililojaa vumbi, na kuna kipande cha dramu la bluu. Akanipa maneno mia tatu, ukurasa wa ndani. Jamani, mia tatu hayatoshi hata kueleza kisu kinavyozunguka. Basi nimeileta hapa kwetu, ambako hakuna anayehesabu mistari.

Baba mdogo ni seremala tangu kabla sijazaliwa. Karakana yake iko pembeni ya kihamba, bati upande mmoja, migrivilea upande mwingine. Watu wa huku mnajua: mgrivilea ndio unaoipa kahawa kivuli, na ukikomaa ndio unaogeuka kitanda. Kwa kazi nzuri ananunua mninga, na kwa kazi za bei nafuu kuna paini kutoka mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai. Mkulo, ule mti mkubwa wa msituni wenye harufu ya kafuri, anausimulia kama mtu anayemsimulia marehemu. Msitu ulio juu yetu uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na shoka halina ruhusa huko. Yeye halalamiki. Anasema mti ulioishi kuliko babu yake si wa kutengenezea stuli.

Rauta yake ni ya mtumba. Ina kasi moja tu. Kwenye kibati chake imeandikwa 25,000, yaani mizunguko elfu ishirini na tano kwa dakika, na haina kitufe cha kupunguza. Ishike hiyo namba, tutaihitaji.

Miaka miwili iliyopita, jioni ya mvua, bodaboda aliyopanda iligongana na gari kwenye mteremko wa kushuka mjini. Mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Siku zile sitazielezea. Niseme tu kwamba kwa seremala mguu si wa kutembelea peke yake. Ndio unaoegemea meza unaposukuma randa, ndio unaokanyaga ubao unapokata kwa msumeno. Miezi ile ya mwanzo alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na karakana, anawaelekeza vijana kwa kidole, na jioni harudii hata salamu vizuri.

Halafu akapata mguu bandia. Akasimama. Tukala mbuzi.

Hapa inabidi nikupeleke pembeni kidogo, maana Moshi yetu ina jambo ambalo wengi hatulijui. Tunajua kahawa, tunajua watalii wenye mikoba mikubwa mgongoni. Lakini pale KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, kinafahamika kwa kifupi TATCOT. Kilianza mwaka 1981 kwa ushirikiano wa serikali yetu na Wajerumani, na waliosoma pale wametoka nchi nyingi za Afrika. Mimi nimepita eneo lile mara nyingi nikifuata habari za ajali. Anaenda nani baadaye, anatembeaje, sikuwahi kuuliza, kwa sababu ajali ni habari na kutembea si habari.

Zamani mguu bandia ulikuwa kazi ya seremala kabisa. Mwaka 1800 huko London, bwana mmoja James Potts alitengeneza mguu wa mbao wenye goti la chuma, na ulipata jina kubwa baada ya Marquess wa Anglesey kupoteza mguu wake kwenye vita vya Waterloo mwaka 1815 na kuvaa wa namna ile. Kwa miaka mingi mafundi wa Ulaya walichonga miguu kwa mbao nyepesi. Mbao ina heshima yake: ni nyepesi, ni imara, na inakubali kurekebishwa kwa patasi. Lakini inakunywa jasho na inavimba. Na mchwa wa Afrika hajali kama ni mguu wa mtu au ni nguzo ya banda.

Plastiki inayotumika sana siku hizi kwenye nchi kama yetu inaitwa polipropilini. Ilipatikana mwaka 1954 kwenye maabara ya Mwitaliano Giulio Natta, ambaye mwaka 1963 aligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia na Karl Ziegler wa Ujerumani. Usiiogope kwa jina lake. Ndiyo iliyosokotwa kwenye viroba vya mahindi na sukari, ndiyo iliyomiminwa kwenye viti vyeupe vya harusini. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyokuwa inawahudumia watu waliokatwa viungo kwenye nchi zenye vita, ilijenga mfumo mzima wa viungo bandia kwa plastiki hiyo: ni nafuu, haili maji, inaungwa kwa joto, na mabaki yake yanaweza kuyeyushwa yakatumika tena. Mwaka 2004 mfumo huo ulipewa Tuzo ya Brian Blatchford na chama cha kimataifa cha wataalamu wa viungo bandia.

Utengenezaji wenyewe uko hivi. Kigutu kinafungwa plasta nyeupe, ileile ya kufungia mfupa uliovunjika. Plasta ikikauka inavuliwa, inajazwa, unapata sanamu ya kigutu. Fundi anaichonga sanamu, anaongeza hapa, anapunguza pale. Kisha bamba la polipropilini linaingia kwenye oveni mpaka lilainike kama chapati, linafunikwa juu ya sanamu, na pampu inanyonya hewa ili plastiki ikumbatie kila kona. Ikipoa, una kikombe cha kupokelea kigutu. Wenyewe wanakiita soketi, lakini tayari nimekuchanganya na rauta, basi mimi nitakiita kikombe. Kinachobaki ni kukata ukingo wa juu na kuulainisha. Na ukingo, ndugu yangu, ndio kila kitu. Milimita mbili zikizidi mahali pabaya, mtu hatembei.

Sasa turudi Kibosho.

Mguu ulimkaa vizuri kwa miezi kadhaa. Halafu ukaanza kumuuma. Ukingo wa juu ulikuwa unamkata nyuma ya goti akikaa, na mbele ulikuwa unapanda juu kuliko mwanzo. Akapata kidonda. Akaanza kuuvua mguu saa nne asubuhi, halafu saa tatu, halafu akawa hauvai kabisa siku za kazi. Mama mdogo akanipigia simu: "Mwanangu, njoo uongee na baba yako, amerudi kwenye kiti."

Nilipofika Jumamosi nilimkuta ana furaha ya ajabu. Mguu uko juu ya meza ya kazi, umebanwa kwenye jiliwa kwa vitambaa, na penseli ameshachora mstari kuzunguka ukingo. Rauta iko pembeni.

"Baba mdogo, shikamoo. Hiyo ni nini?"

"Marahaba. Napunguza sentimita moja na nusu. Nimepunguza mninga miaka thelathini, kiplastiki hiki ni nini?"

"Si tushuke mjini kwa waliokutengenezea?"

"Nishuke kwa nauli ya nani, nikakae foleni siku nzima, nikaambiwe njoo wiki ijayo? Mashine ninayo, mkono ninao."

Utamjibu nini mzee wako akisema hivyo? Mimi nilinyamaza. Kilichotuokoa ni adabu ya ufundi. Seremala aliyefundishwa vizuri haanzi kwenye kazi ya mteja, anaanza kwenye kipande kibovu. Baba mdogo akamtuma kijana akate kipande cha dramu la bluu lililopasuka, akakibana mezani, akawasha.

Kwa sekunde mbili tatu kila kitu kilikuwa sawa. Halafu sauti ikabadilika. Badala ya kulia kama nyuki, rauta ikaanza kukoroma. Hakuna maranda yaliyoruka. Nyuma ya kisu plastiki ilikuwa inajiunga tena, inafunika njia ileile iliyokatwa. Nyuzi za bluu zikajisokota kwenye kisu mpaka kikawa kama kijiti cha pipi, harufu ikajaa banda, na kipande kikaruka kutoka kwenye kibano, kikagonga bati. Kijana akacheka. Baba mdogo hakucheka. Alizima, akakitazama kisu, akautazama mguu wake uliokuwa unasubiri zamu kwenye jiliwa.

"Hii kitu haikatiki," akasema polepole. "Inapikika."

Sijawahi kusikia mtu akiieleza vizuri zaidi. Lakini kwa nini? Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali ya mwandishi, na nimekusanya majibu kwake na kwa yule dada nitakayemleta baada ya muda mfupi.

Tuanze na mbao. Mbao ni kifungu cha mirija. Mti ulipokuwa hai maji yalipanda humo, na ukishakatwa nyuzi zinabaki zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Kisu kikipita kufuata ulalo wake, ukingo unatoka safi. Kikipita kinyume, kinazing'oa, na ukingo unakuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Ndiyo maana fundi anauangalia ubao kwanza kabla ya kuwasha. Pili, anaisukuma rauta kinyume cha mzunguko wa kisu, ili mashine imsukume nyuma kidogo na yeye abaki ndiye anayeongoza. Ukienda pamoja na mzunguko, mashine inaweza kudaka ubao na kukimbia, na vidole vyako viko karibu. Tatu, hasimami mahali pamoja, maana msuguano utaunguza mbao na kuacha alama nyeusi.

Lakini mbao ikiungua, inakuwa nyeusi, basi. Haiyeyuki. Unapitisha msasa, weusi unatoka, mteja hajui lolote. Mbao inahitaji joto la zaidi ya digrii 200 kabla haijaanza kugeuka mkaa, na mara nyingi kisu kinakuwa kimeshapita.

Plastiki haina nyuzi za namna ile, kwa hiyo haikuulizi unatokea upande gani. Baba mdogo alidhani hilo linarahisisha mambo. Kumbe adui wa plastiki ni mwingine: joto. Dramu kama lile linayeyuka kwenye digrii 130 hivi, polipropilini kwenye digrii 160 na kitu, na zote zinaanza kulainika kabla ya kufika huko. Halafu plastiki, kama mbao, haipitishi joto vizuri. Joto linalozaliwa pale kisu kinapogusa halina pa kukimbilia. Linakaa palepale na kupika.

Sasa ile namba niliyokuambia uishike. Kisu cha baba mdogo kina meno mawili. Mizunguko 25,000 mara meno mawili ni kuuma mara 50,000 kwa dakika. Ukisukuma mashine kwa mwendo wa mita moja kwa dakika, kila jino linaambulia 0.02 ya milimita, nyembamba kuliko unywele. Hilo si randa, ni vumbi. Randa nene hubeba joto na kuondoka nalo, vumbi halibebi kitu. Kwa hiyo ile tabia yetu ya kwenda taratibu kwa sababu tunaogopa kuharibu, kwenye plastiki ndiyo inayoharibu. Wanaokata plastiki kwa rauta wanafanya kinyume: wanapunguza mizunguko, wanatumia kisu kikali chenye jino moja, na wanasukuma bila kusita ili kila jino lipate kipande cha maana. Mashine ya kasi moja, kisu cha meno mawili na mkono wenye woga ni mapishi kamili ya kile tulichokiona kwenye dramu.

Jumatatu tulishuka mjini. Nauli nililipa mimi, tusilisemee sana hilo. Karakana tuliyokwenda siitaji, kwa sababu dada aliyetupokea aliniomba nisiiandike, na ahadi ni deni. Ni chumba kikubwa chenye meza ndefu, sanamu nyeupe za vigutu zimepangwa ukutani, na miguu imening'inia na vijikaratasi vya majina.

"Shikamoo baba. Nyumbani hawajambo?"

"Marahaba mwanangu. Hawajambo. Mguu ndio unaumwa."

Nilitegemea auchukue mguu, aangalie ukingo, akate. Hakufanya hivyo. Alimkalisha, akakitazama kigutu muda mrefu, akakipima kwa utepe sehemu tatu, akauliza swali moja:

"Baba, unavaa soksi ngapi?"

"Moja."

"Ileile ya siku ya kwanza?"

"Ileile. Nyingine mbili ziko kabatini, mama yao kaziweka. Nzuri sana zile, nyeupe."

Yaani soksi za kigutu zilikuwa zimetunzwa kama nguo za kanisani! Dada akacheka kwa adabu, kisha akaeleza. Kigutu ni nyama hai. Baada ya upasuaji kinaendelea kupungua kwa miezi mingi, uvimbe unatoka, misuli isiyofanya kazi inasinyaa. Kikombe chenyewe hakipungui. Kwa hiyo kigutu kinazama ndani yake kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba, na ukiwa umezama, ukingo unaonekana umepanda. Ukingo haukuwa umekosewa. Baba mdogo ndiye aliyekuwa ameshuka. Dawa ya kwanza ni kuongeza soksi ili anyanyuke hadi mahali pake.

Halafu akauona mstari wa penseli kuzunguka kikombe. Akauliza ni wa nini. Tukamwambia. Akanyamaza kidogo.

"Baba, uzito wako kwa sehemu kubwa unakaa hapa," akamgusa chini ya mfupa wa goti, "na hizi kuta mbili za pembeni zinapanda kulishika goti lisiyumbe. Ungekata sentimita moja na nusu kuzunguka, mguu ungekosa pa kushika. Ungevaa ukaenda hatua kumi kwenye ule mteremko wenu wa tope, ukaanguka. Na plastiki ukishaikata hairudi."

Baba mdogo akasema: "Hata mbao hairudi." Akaongeza, kwa sauti ya chini: "Lakini ya mbao ningeiona mapema."

Nadhani hapo ndipo shida yenyewe ilipokuwa. Kwa mbao anasoma kabla ya kukata. Anajua mahali penye fundo, anajua upande utakaopasuka, ubao unamwambia. Plastiki ni laini na nyeupe pande zote, haina alama, na fundi mzuri akikosa alama za kusoma anageuka kuwa mtu mwenye mashine tu. Alama zilikuwepo, ila hazikuwa kwenye plastiki. Zilikuwa kwenye kigutu chake mwenyewe, na hizo hakufundishwa kuzisoma.

Alivaa soksi ya pili na ya tatu, akasimama, akatembea kati ya zile nguzo mbili za mazoezi. Mbele pakatulia. Nyuma ya goti pakabaki panapokata akikaa chini sana, kwa sababu stuli yake ya kazini ni fupi. Hapo dada akakubali kwamba panahitaji kupunguzwa. Milimita tatu. Akachora kwa penseli mwenyewe.

Na hapo ndipo tulipoiona rauta ya pili. Ndiyo, nao wanaiita rauta! Lakini ni mnyama mwingine. Imesimama sakafuni kama mtu, ina mkono wa chuma unaozunguka, na mwishoni unafunga koni ya msasa. Inazunguka taratibu, mara kadhaa chini ya ile ya Kibosho, mpaka unaweza kuona koni inavyopepesuka. Bomba la kunyonya vumbi liko pembeni. Kwa seremala, kazi imelala na mashine inatembea. Hapa mashine imesimama, na kazi inatembea mikononi mwa fundi, inageuzwa kama mtu anayeosha bakuli.

Dada alimpa baba mdogo kipande cha kikombe kibovu ajaribu. Miwani ya macho, barakoa, haya. Akakibonyeza kwenye koni kama anavyobonyeza ubao kwenye msasa. Mara ukingo ukaanza kung'aa na kutoa unywele.

"Usibonyeze, baba. Koni haina jino la kuuma, inasugua. Ukibonyeza unaisuguisha, inapata joto. Iguse, iache, iguse, iache. Na usikae mahali pamoja."

Akajaribu tena. Alifumba macho. Nikaogopa, lakini dada akaniashiria nimwache. Alikuwa anasikiliza. Baada ya dakika kama mbili akafumbua na kusema, "Ikianza kukwaruza kwa sauti nene, inalainika." Dada akasema wanafunzi huwachukua wiki kuligundua hilo.

Kazi ya mguu wenyewe alifanya dada, si yeye. Milimita tatu, kisha koni laini zaidi, kisha kitambaa kigumu cha kung'arisha. Nikauliza kwa nini kung'arisha mahali pasipoonekana, nyuma ya goti ndani ya suruali. Akanipa somo jingine. Mbao ikipasuka, ufa unafuata nyuzi, na unaweza kuukisia. Plastiki ikipasuka, ufa mara nyingi huanzia kwenye mkwaruzo. Mkwaruzo mdogo ukingoni, hatua elfu kwa siku, plastiki inakunjwa na kukunjuka palepale, na siku moja inaachia. Kwa hiyo kung'arisha si urembo. Ni kuondoa mahali pa ufa kuanzia.

Tulipokuwa tunaaga, baba mdogo akaona magongo ya mbao yamelundikwa kwenye kona, mengi yamevunjika vishikio. Akaokota moja, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya nani anawatengenezea?"

"Tunanunua, baba. Yanavunjika palepale kila siku."

"Yatavunjika tu. Angalia nyuzi. Kishikio kimekatwa kukatisha nyuzi, zimelala fupi fupi kama biskuti. Inatakiwa zilale ndefu, kutoka mwisho mpaka mwisho, mkono ulale juu yake."

Dada akalichukua gongo, akalitazama kama vile ndiyo mara ya kwanza analiona. Kesho yake alipiga simu kuagiza vishikio kumi vya majaribio. Vya mgrivilea. Vimetoka wiki iliyopita, vimeviringwa ukingo kwa rauta ileile ya mizunguko 25,000, na kwa kazi hiyo haina mpinzani.

Wasomaji wangu, ninyi ni watu wa mjini mwenye ndugu zenu vijijini, kwa hiyo nitamaliza na la kufanya. Kama nyumbani kuna mtu mwenye mguu bandia na ameacha kuuvaa, usikubali jibu la "umenichosha tu". Muulize anavaa soksi ngapi. Angalia kama kigutu kina wekundu usioisha au kidonda, na kama kipo, mguu uvuliwe na mtu aonwe na mtaalamu. Kikombe cha kwanza si cha maisha. Kigutu kikishatulia mara nyingi kinahitajika kingine, hilo ni jambo la kawaida na si dalili kwamba kazi ilikuwa mbovu. Na kama huyo ndugu yako ni fundi mwenye mashine na mkono wake, ndipo umwahi haraka zaidi.

Baba mdogo amepangiwa kupigwa plasta ya kikombe kipya mwezi ujao. Kwa sasa anavaa soksi tatu asubuhi, mchana anaongeza ya nne, na anasimama kwenye meza ya kazi mpaka saa tisa. Kiti bado kiko pale nje. Juzi nilikuta kuku wamelala juu yake.